Msimu Unapobisha Hodi

Wasomaji wetu, khasa mama zetu na dada zetu, huenda wakashangaa kuona ukurasa huu ukizungumzia mpira. Watuwie radhi. Jambo lenyewe limekwisha kuingia majumbani mwetu siku nyingi, na sisi tunaohimiza subira mimbarini tuna udhaifu wetu ambao mama watoto amekuwa akitusitiria: sisi ni wapenzi wa Arsenal.

Mapenzi haya yalitushika mwaka 1999, tukisomesha watoto chuoni hapa Mji wa Kale, pale Kanu wa Nigeria alipowatia Chelsea mabao 3 katika dakika za mwisho na Arsenal walikuwa nyuma kwa mabao 2. Mwaka 2004 wakachukua ubingwa wa Uingereza bila ya kufungwa hata mara moja: mechi 38, ushindi 26, sare 12. Tukadhani ndiyo desturi. Kijana wetu wa pili alizaliwa mwaka uliofuata, na mpaka mwaka 2025 hakuwa ameuona ubingwa mwingine. Amerithi mapenzi bila ya kurithi kombe.

Misimu mitatu mfululizo, mpaka ule wa 2025, tulimaliza wa pili. Ule wa 2024 tulikosa kwa pointi 2 tu nyuma ya Manchester City. Ule wa 2025, Liverpool walituacha kwa pointi 10, na wachezaji wetu wakiumia mmoja baada ya mwingine, Saka, Jesus, Havertz, hata Merino ambaye ni kiungo akalazimika kusimama mbele kama mshambuliaji. Mwaka huo wa 2025 wakamleta Gyökeres kutoka Sporting ya Ureno, aliyekuwa amefunga mabao 39 katika ligi ya huko msimu uliotangulia, na kiungo Zubimendi kutoka Uhispania. Moyo ulisema mwaka huo ndio. Akili ilikumbusha kwamba Ureno si Uingereza, na kwamba bwana harusi hajulikani siku ya nikaha.

Ratiba nayo ilikuwa na mitihani yake. Mechi ya kwanza ilikuwa ugenini kwa Manchester United, Jumapili tarehe 17 Agosti 2025, saa kumi na mbili unusu jioni kwa saa zetu, yaani dakika chache tu baada ya adhana ya magharibi. Kipindi cha pili kingekutana na isha. Ya pili, na Leeds, ilipangwa kuanza saa moja unusu usiku. Ya tatu, Liverpool, ilirudi pale pale kwenye magharibi. Waliopanga hawakutukusudia sisi, lakini mama aliye na watoto wa kiume anajua jioni hizo zilivyo: adhana inalia, na watu wote wana "dakika moja tu".

Haya yote tungeyabeba. Lililotukosesha raha ni jengine, na mama yake kijana ameturuhusu kulieleza.

Usiku wa tarehe 8 Aprili 2025, Arsenal waliwapiga Real Madrid 3-0, na Declan Rice akatia mabao mawili kwa mipira ya adhabu. Tulikumbatiana na kijana wetu sebuleni tukipiga kelele, hata mama yake akatoka chumbani akidhani pameingia msiba. Wiki tatu baadaye wakaja Paris Saint-Germain katika nusu fainali. Dakika ya 4 tu Dembélé akafunga (Mwislamu mwenzetu, hatumlaumu). Kijana akainuka kimya, akatoka uani, asirudi. Tulimsifu kimoyomoyo, tukasema huyu anaipenda timu kutushinda sisi.

Tuliporudi kutoka alfajiri tulimkuta barazani. Hakuwa amelala. Mama yake, auzaye barafu za ukwaju na mabuyu, alikuwa amepokea zamu yake ya chama baada ya kungoja miezi tisa. Alimkabidhi kijana shilingi 18,000 amtumie muuzaji wa friza. Kijana akazitia zote katika kamari, kwa simu, kwamba Arsenal watashinda usiku ule. Alitueleza pia kwamba usiku wa Madrid alikuwa ametia shilingi 500 na akapata, na hilo ndilo lililomtia tamaa.

Fedha ziliuma, lakini kilichotukaa moyoni ni kule kukumbatiana. Sisi tulikuwa tukilifurahia bao la Rice. Yeye alikuwa akifurahia nini? Aya ya 90 na ya 91 za Sura ya al-Maida, zinazokataza kamari na kutaja uadui na kuzuiliwa na swala, tumezisomesha karibu miaka thalathini, na yeye aliketi safu ya mbele.

Sheikh mwenzetu mmoja alitushauri tuiuze runinga. Hatukukubali. Mchezo wenyewe haukukosa, Mtume (s.a.w.) alimsitiri Bibi Aisha alipokuwa akiwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini. Mama watoto hakupiga kelele hata siku ile. Alituambia, na yeye hutuita Sheikh anapotaka kutugusa penye kidonda, "Sheikh, umemfundisha mtoto kupenda timu. Ulimuuliza lini anatazama nini kwenye ile simu?" Hatukuwa na jawabu. Tangazo la kubeti lilikuwa likipita katikati ya mechi, nasi tulikuwa tukilitumia kwenda kumimina chai.

Tangu Mei kijana alikuwa akibeba mizigo Marikiti mwisho wa wiki, na kila Ijumaa akimpa mama yake shilingi 500. Zilikuwa zimebaki 11,000. Friza haikuwa imenunuliwa, barafu zilikuwa zikigandishwa kwa jirani.

Siku chache kabla ya mechi tulikuwa tukipanga Jumapili hiyo ya tarehe 17. Tulikubaliana kwenda msikitini pamoja kwa magharibi na kurudi pamoja, bao la mapema likitupita litupite, na ifikapo isha tuinuke tena. Mama yake alisema mwaka huo ataketi nasi, yeye asiyejua kuotea ni nini, na tayari alikuwa ameuliza kama Gyökeres ameoa. Kisha kijana akatuuliza kwa sauti ya chini, "Na simu, Baba, nikupe wewe siku ya mechi?"

Tulinyamaza kitambo. Kuichukua ni kumwambia kuwa hatumwamini, na kumwachia ni kukaa dakika tisini tukiitazama mikono yake badala ya mpira. Mwisho tulimwambia abaki nayo. Alishukuru, akaenda zake Marikiti. Sisi usingizi umekuwa mchache tangu usiku ule, na Gyökeres hana sehemu kubwa katika hilo.