Meno Manane ya Shangazi

Shangazi alibakiwa na meno manane ya chini: sita ya mbele, na jingine moja pembeni kila upande. Magego yote yalikwishakwenda. Alipokuja kukaa nasi hapa Wattaya, ukoo mzima, kuanzia Unguja mpaka Toronto, ulikuwa na rai juu ya meno hayo, na rai ya wengi ilikuwa moja: yang'olewe yote, awekewe seti nzima, mambo yaishe.

Mimi nilikuwa upande wa pili, peke yangu. Katika stashahada niliyoisomea nyumbani na shahada niliyoipatia ughaibuni, hakuna aliyenifundisha kutengeneza meno. Mimi ni muuguzi. Lakini ni mimi ninayempima Shangazi sukari kila asubuhi, na nilikuwa naona namba zinapanda ilhali dawa anakunywa. Pleti ya plastiki aliyotengenezewa miaka kadhaa nyuma ilimuumiza, akaivua na kuiweka kabatini, akawa anakula vya laini tu: mkate mweupe wa kuchovya kwenye chai, uji, na halwa, ambayo Maskati haikosekani mezani. Nyama, karanga, kachumbari, vyote alivisusa. Wageni wakija, anasema keshakula.

Pleti ile haikuwa na kosa kwa kuwa ya plastiki. Kosa ni kwamba ilikalia ufizi mtupu, haina popote inapokanyaga jino. Kila akitafuna inazama kidogo, na ukingo wake unausukuma ufizi unaozunguka meno yaliyobaki, mpaka shingo za meno zikabaki wazi. Nyaya zake mbili zilishika, ndiyo, lakini zilishika kwa kuyavuta meno.

Daktari wa meno tuliyemwendea alichukua karatasi akachora, nami nikawa mkalimani. Mwaka 1925 daktari mmoja wa New York, Edward Kennedy, aliyagawa mapengo katika makundi manne, na mgawanyo huo unatumika mpaka leo. Shangazi yumo kundi la kwanza: pengo la nyuma, pande zote mbili, bila jino lolote mwishoni. Ndilo lenye kazi. Pengo lililo katikati ya meno mawili ni kama daraja lenye nguzo huku na huku. Hili la Shangazi lina nguzo mbele tu. Nyuma kuna ufizi, na ufizi unabonyea kuliko jino. Meno ya bandia yakiwekwa hapo yanacheza kama pembea.

Kwa hiyo kinachotengenezwa ni kiunzi cha madini ya kobalti na kromi, chembamba lakini kigumu, na kila kipande chake kina kazi. Upo upau unaopita nyuma ya meno ya mbele, chini ya ulimi, kuunganisha kulia na kushoto. Upau huo usiuguse ukingo wa ufizi. Uwe mbali nao kwa milimita 3 au zaidi. Daktari alipima kama nafasi ipo, Shangazi kanyanyua ulimi kama mtoto anayekebehi watu. Pembeni kuna vikono vinavyolikumbatia jino, na ncha ya kila kikono inaingia chini ya tumbo la jino kwa robo milimita tu. Robo milimita hiyo ndiyo inayozuia meno yasinyanyuke ukila kitu kinachonata.

Lakini kipande nilichokipenda mimi ni kile kidogo kuliko vyote: kikalio, yaani ulimi mfupi wa chuma unaokaa juu ya jino katika kishimo kilichochongwa kwa ajili yake. Hicho ndicho kinachobeba uzito na kuuacha ufizi upumue. Daktari alikiweka upande wa mbele wa jino la pembeni, si wa nyuma, ili kiti cha meno kikizama wakati wa kutafuna, kikono kilegee badala ya kulipinda jino. Vikalio vingine viwili akaviweka kwenye chonge, kuizuia ile pembea isinyanyuke kwa nyuma.

Nilipowaeleza jamaa kwamba meno mazima yatachongwa kidogo, simu hazikulala. "Bora uyang'oe tu!" Nikawajibu kwamba seti nzima ya chini haina cha kushikilia, inakalia ukingo mwembamba wa taya na ulimi unaisukuma kutwa, na jino likitoka, mfupa uliolishika nao hupungua mwaka hadi mwaka. Shangazi aliyakata maneno mwenyewe: "Haya manane nimekuja nayo, nitakaa nayo."

Ilichukua miadi kadhaa: vipimo viwili vya kinywa, kukijaribisha kiunzi, kupima mng'ato, kuyajaribisha meno yakiwa kwenye nta. Nawaambia hili wanaopanga kwenda likizo ya wiki mbili warudi na meno mapya. Wiki mbili hupati kazi ya namna hii. Utapata pleti ya haraka, na pengine ndiyo iliyoanza kuyala meno ya Shangazi.

Wiki ya kwanza alilalamika, ufizi ukachubuka, tukarudi kusawazisha mara mbili. Sasa anatafuna mishkaki, taratibu, pande zote mbili. Sukari imeshuka, ingawa halwa hajaiacha.

Usiku anayavua. Anayasugua kwa sabuni na brashi laini juu ya beseni lenye maji, yasivunjike yakimponyoka. Maji ya moto hapana, na dawa ya kufanyia nguo weupe hapana kabisa, maana inaila chuma.

Na akilazwa mzee wenu, mwambieni muuguzi. Mwaka 2019 jarida la BMJ Case Reports liliandika habari ya mzee wa miaka 72 huko Uingereza, ambaye pleti yake ya chuma yenye meno matatu iligunduliwa kooni siku nane baada ya operesheni. Chuma angalau huonekana kwenye picha ya eksirei. Plastiki tupu aghalabu haionekani. Wazee wetu huona haya kulisema hili mbele ya wakwe na wajukuu, kwa hiyo mimi kwanza huvuta pazia, kisha nikauliza kwa sauti ya chini.