Sauti ya Baba Katika Kompyuta Ndogo

Hapa kwetu Kayanga ziko nyumba zenye kanda za zamani ambazo hazina tena redio ya kuzipiga. Sisi tunazo tisa, zimefungwa sandukuni. Ndani yake marehemu baba anapiga enanga na kutaja kwa Kinyambo majina ya wazee wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Ajuaye vizuri maneno yale ya kale amebaki shangazi peke yake, na masikio yake yameanza kuwa mazito. Basi neno “baadaye” halitufai tena.

Mwanangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alikuja likizo na kompyuta ndogo ya ubao mmoja, yenye kuenea katika kiganja. Kompyuta za jamaa hii zilijulikana sana tangu mwaka 2012, Waingereza walipoanza kuuza Raspberry Pi ili watoto wajifunze kazi ya kompyuta kwa bei ndogo. Hazili umeme mwingi. Betri ya sola yatosha. Kanda alizinakili kwa kifaa cha sauti cha kuchomeka pembeni, maana ubao wenyewe hauna sikio la kupokea sauti.

Tulipounganisha spika, shangazi alisikiliza kitambo, akatikisa kichwa. “Huyu ni kaka yangu,” alisema, “lakini anasema nini?” Maneno na milio myembamba ya nyuzi ilizama katika mvumo.

Sababu yake yafaa kuelezwa. Kompyuta huandika sauti kwa namba. Kwa kipimo cha sahani za CD, ni namba 44,100 kila sekunde kwa spika ya kushoto, na nyingine kama hizo kwa ya kulia. Hapana budi namba hizo zigeuzwe kuwa umeme unaopanda na kushuka kama sauti yenyewe. Katika baadhi ya kompyuta za bei nafuu kazi hiyo hufanywa kwa njia ya mkato: umeme huwashwa na kuzimwa upesi mno, kisha husawazishwa. Kwa kusikiliza habari yatosha, bali sauti nyororo hupotea. Nyingine hazina hata tundu la sauti, kama Raspberry Pi 5 iliyotoka mwaka 2023.

Dawa yake ni kibao cha pili, ambacho kazi yake ni moja tu: kugeuza namba kuwa sauti. Huketi juu ya pini 40 za kompyuta. Njia moja hupitisha namba, ya pili hupiga mwendo kama ngoma, na ya tatu husema hii ni ya kushoto, hii ni ya kulia.

Atakayejaribu na ashike haya. Kwanza, azime umeme kabisa kabla ya kuchomeka, na azihesabu pini; akiruka safu moja aweza kuua vyote viwili. Pili, aandike jina la kibao katika faili la mipangilio, kwa kuwa vibao vingi rahisi havijitambulishi vyenyewe. Tatu, kwa kawaida kibao hiki hakina nguvu ya kusukuma spika kubwa. Amplifaya bado yahitajika. Nne, asitazamie miujiza. Kanda iliyoharibika haiponi, wala kibao hakiongezi neno lisilorekodiwa. Hulinda tu lile lililopo.

Kibao kilipofungwa, uvumi wa kanda yenyewe ulibaki, lakini maneno yalitoka. Mara kwa mara shangazi alimsimamisha mwanangu: “Rudisha hapo, mjukuu wangu.” Jina moja halikujulikana na yeyote kati yetu. Kumbe ni la mwanamke aliyepanda migomba ya kwanza nyuma ya nyumba hii tunamoishi. Watoto waliliandika katika daftari, na shangazi akawaeleza alikuwa mtoto wa nani.

Kanda tatu zimekwisha, sita bado. Mwanangu amerudi kazini, na sasa binti yangu mdogo ndiye anayewasha mtambo kila Jumapili baada ya Misa, shangazi akiwa ameketi karibu na spika. Nanyi wenye kanda nyumbani, zitoeni sandukuni wazee wangali hai, maana mashine itatupa sauti, lakini maana ya maneno tutaipata kwao.