Fedha Ambayo Bado Si Yako

Anayeuza kwa mtandao na kupokea kadi za benki anafanya biashara kwa fedha ambayo bado si yake. Ujumbe unaingia kwenye simu kwamba malipo yamekubaliwa, siku chache baadaye hela inaonekana kwenye akaunti, lakini mteja bado ana nafasi ya kwenda kwa benki yake na kusema: muamala huu siutambui, au mzigo haukufika, au kilicholetwa sicho nilichoagiza. Kwa kanuni za Visa, malalamiko mengi ya namna hii yana muda wa siku 120, na kwa mzigo ambao haukufika hesabu huanzia siku uliyotarajiwa kufika. Benki ikimkubalia, fedha inakatwa kwa muuzaji pamoja na ada ya usumbufu, na kazi ya kuthibitisha inabaki kwake. Hali hii wauzaji tunaiita chajibeki, na ni jina linaloweza kumnyima mtu usingizi.

Mimi nauza picha za Tingatinga kwa wateja walio nje ya nchi. Enzi za Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, kabla hajafa mwaka 1972, picha hizi zilichorwa juu ya vibao kwa rangi za mafuta zinazong'aa. Siku hizi nyingi ziko kwenye turubai, na hilo ndilo lililofungua biashara ya mbali: turubai inakunjwa, inaingia kwenye bomba la karatasi ngumu, inapelekwa Posta. Mchoraji akimaliza kazi anataka hela yake siku hiyohiyo, na ni haki yake. Rangi ameshanunua, kodi ya chumba inamsubiri, watoto wanataka kula. Hawezi kukaa miezi minne akingoja benki ya Ulaya iridhike. Kwa hiyo kati ya siku ninayomlipa yeye na siku ambayo fedha ya mteja inakuwa yangu bila shaka, kuna pengo, na anayelibeba pengo hilo ni mimi.

Nitaeleza kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichonifundisha namna jambo hili lilivyo. Mteja wa Ulaya aliagiza picha kubwa ya wanyama, akalipa kwa kadi, akapokea mzigo, akasaini, akaniandikia kwamba imependeza sana sebuleni. Wiki kadhaa baadaye nikapata taarifa kwamba mwenye kadi anakana malipo. Nikatuma risiti, namba ya kufuatilia mzigo, saini ya mpokeaji na ule ujumbe wa shukrani. Nikashindwa. Hela ikakatwa, na picha ikabaki ilikokwenda.

Baadaye kijana aliyeagiza aliniandikia mwenyewe. Kadi ilikuwa ya baba yake. Baba aliona kwenye taarifa yake ya mwezi jina asilolijua na kiasi asichokilipa, akafanya ambalo mzee yeyote makini angefanya: akapiga simu benki. Aliwaambia kweli tupu, kwamba hajanunua kitu Tanzania. Na mimi nilisema kweli, kwamba mzigo ulifika na ukasainiwa. Saini ilikuwa ya mtoto, kadi ilikuwa ya mzazi, na ushahidi wangu wote ulikuwa unajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Hasara ile iliniuma, na iliniuma zaidi kwa kuwa nilitafuta mwizi nikamkosa.

Wenzangu wengi katika biashara hii wakipatwa na jambo kama hilo huachana na kadi moja kwa moja. Wanasema anayetaka picha atume fedha kwa benki, ikishaingia haitoki. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Mwalimu wa shule aliyeko Oslo, ambaye hajawahi kufika Dar es Salaam, ataambiwa atume mshahara wa siku kadhaa kwenye akaunti ya mtu asiyemjua, kisha angoje. Nikitakiwa kusema kweli, mimi ningekuwa yeye nisingetuma. Kukataa kadi hakuondoi hatari, kunaihamisha tu kutoka mfukoni mwangu kwenda kwake, na yeye ndiye asiyenijua.

Inafaa kukumbuka haki hii ya mwenye kadi kupinga malipo ilikotoka. Mwaka 1958 Bank of America iliwatumia wakazi wa mji wa Fresno, California, kadi kama 60,000 ambazo hawakuziomba. Benki nyingine zikafuata mtindo huo, kadi zikaibwa zikiwa njiani, watu wakadaiwa vitu wasivyonunua. Ndipo mwaka 1970 Marekani ikapiga marufuku kutuma kadi zisizoombwa na kuweka kikomo cha dola 50 kwa hasara ya mwenye kadi iliyotumiwa bila idhini yake. Sheria ya mwaka 1974 ikampa mteja haki ya kupinga deni lenye kasoro ndani ya siku 60 tangu apelekewe taarifa yake. Mwaka huohuo Uingereza nayo ikatunga sheria inayomfanya mkopeshaji wa kadi awajibike pamoja na muuzaji. Haki hizi zilidaiwa kwa sababu mnyonge alikuwa mnunuzi.

Na hapa kwetu bado mnyonge ni mnunuzi. Shangazi yangu aliyeko Tabora aliona vitenge kwenye Instagram, akaambiwa atume hela pamoja na ya kutolea, akatuma. Alipouliza mzigo uko wapi, namba ikawa haipatikani na ukurasa umemfungia asiuone. Hela ilikuwa imeshatolewa kwa wakala. Kina shangazi hawana siku 120, na hakuna benki inayomwambia muuzaji, thibitisha. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe unayeuza huko mtandaoni, mtu akikudai mnafanyaje?" Nilimweleza habari za wateja wa kadi, na jinsi wanavyorudishiwa. Akasema hao wana bahati. Tangu siku ile siwezi tena kuizungumzia chajibeki kama adhabu iliyobuniwa ili kunionea. Kitu ninachomtakia shangazi yangu siwezi kumchukia mgeni kwa kuwa nacho.

Sasa napokea kadi, ila kwa masharti. Malipo lazima yathibitishwe kwa namba inayotumwa kwenye simu ya mwenye kadi. Mara nyingi hilo humhamishia mtoaji wa kadi mzigo wa madai ya kadi kutumiwa na mwingine, ingawa madai ya mzigo kutofika yanabaki kwangu. Jina linaloonekana kwenye taarifa ya benki ya mteja ni la duka, si la kampuni inayopitisha malipo. Picha inapigwa picha ikiwa inafungwa. Agizo kubwa la hoteli au nyumba ya maonyesho linalipiwa kwa benki, malipo ya awali kwanza, maana hao wana mikataba na wanasheria. Na sehemu ndogo ya kila malipo ya kadi inawekwa kando, haiguswi mpaka miezi minne ipite, ili chajibeki ikija isile hela ya mchoraji.

Mfuko huohuo ndio uliotuwezesha kuwapa wateja wa ndani, wanaolipa kwa simu, haki ambayo hakuna aliyetulazimisha kuitoa: wiki mbili za kurudisha picha na kurejeshewa hela kwenye namba ileile iliyotuma. Wachoraji waliogopa kwamba watu wataning'iniza picha sikukuu ikipita wairudishe. Waliorudisha ni wachache. Mama mmoja wa Mwanza alirudisha chui kwa sababu kwenye simu alionekana mkubwa kuliko alivyo; tukamrejeshea hela siku hiyohiyo, na mwezi uliofuata akaagiza chui mkubwa, akalipa yote kabla mchoraji hajafungua kopo la rangi.