Anwani za seva: kutoka kuandikwa hadi kugawiwa

Seva isiyo na anwani ya IP haifikiki, hata ikiwa inawaka. Wasimamizi wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliiandika kwa mkono ndani ya faili na kuweka orodha daftarini. Orodha ikikosewa, mashine mbili zilipewa anwani moja zikagombana. DHCP, itifaki ya kugawa anwani iliyotolewa mwaka 1993, ilibadili kazi hiyo. Mashine inapowaka hutangaza ombi, seva ya DHCP hupendekeza anwani, mashine huikubali, kisha huthibitishiwa kwa muda maalumu.

Ugawaji huo ulikuja na matatizo yake. Mkoani Ruvuma, Tanzania, kwa mfano, kabla ya gridi ya Taifa kufika Songea mwaka 2018, umeme ulitegemea kwa kiasi kikubwa jenereta za dizeli. Umeme uliokatika unaporudi, seva, swichi na ruta huwaka pamoja. Seva ikitangulia, ombi lake hukosa wa kulijibu. Katika mifumo kadhaa ya zamani, programu ya dhclient, inayotuma ombi hilo, ilijaribu kwa muda mfupi kisha ikaacha. Msimamizi aliyekuwa katika kata ya Kitura hakuweza kuingia kwenye seva iliyoko Mbinga mjini hadi mtu aliye karibu aiwashe upya.

Mwaka 2013 systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, ilileta majina mapya ya kadi za mtandao. Faili lililotaja eth0 halikuwa na maana tena kwa kadi iliyoitwa enp3s0, na ombi halikutumwa kabisa. Mwaka 2017 Ubuntu ikahamia Netplan, zana ya kupanga mtandao, ambako nafasi moja iliyozidi mwanzoni mwa mstari hutosha kufanya faili zima likataliwe. Seva pepe zilizonakiliwa nazo zikaanza kupewa anwani moja, kwa kuwa systemd-networkd hujitambulisha kwa namba inayotokana na ile iliyomo katika /etc/machine-id, na nakala zote zilibeba namba ileile. Dawa ni kuizalisha upya kwa kila nakala, au kuiagiza Netplan itumie anwani ya MAC ya kadi.

Uchunguzi hufuata njia ya ombi. Amri ya ip link huonyesha jina la kadi, na neno NO-CARRIER humaanisha tatizo liko kwenye waya au swichi. journalctl huonyesha kama ombi lilitumwa. tcpdump kwenye milango ya 67 na 68 huonyesha kilichojibiwa: ombi likitoka bila jibu, kwa kawaida kosa liko nje ya seva; majibu yakitoka kwa wagawaji wawili, huenda kuna ruta iliyochomekwa bila idhini. Kwa seva muhimu, wengi sasa huhifadhi anwani yake kwenye seva ya DHCP, ikifungwa na MAC ya kadi.