Simba wa Barafu

Hapa Kamembe barafu tuijuayo ni ya kupozea soda. Lakini Nairobi, katika hoteli ya Panari, ulifunguliwa uwanja wa barafu mwaka 2005, na humo baadaye likazaliwa kundi la hoki liitwalo Ice Lions. Taabu yao kubwa haikuwa joto, bali kukosa mshindani. Basi wakajigawa wenyewe wakachezana, na watoto wakawafundisha. Hata mwaka 2018 walipokwenda Kanada, ndipo walipopambana na timu nyingine mara ya kwanza. Mimi hilo la kujigawa ndilo linipendezalo. Sisi shuleni tukigawana kwa mpira, atiwaye upande dhaifu hununa, pengine huvua viatu akaenda zake. Wale walichezana hivyo miaka, leo upande huu, kesho ule.