Saa Mbili za Mpondwe

Kasese

Mji huu ulikuzwa na reli. Mwaka 1956 njia kutoka Kampala ilifika hapa kuifuata shaba ya Kilembe, na kwa miaka mingi habari za mbali zilishuka stesheni pamoja na abiria. Siku hizi zinaingilia mfukoni. Nimekuja kutazama jambo moja tu: watu wa hapa wanayasomaje maandishi yanayowafikia kwa simu, na wenzao wa Bwera, kule mpakani na Kongo, wanayasomaje.

Kwenye mgahawa karibu na stendi ya teksi kijana mmoja alinionyesha tangazo la kazi. Mtu alilipiga picha ukutani, akalituma kwenye kundi la WhatsApp, nalo likapita mkono hadi mkono mpaka herufi zikaingia ukungu. Kijana hakuanza juu kushuka chini. Alilitanua kwa vidole viwili, akaenda moja kwa moja kwenye muhuri. Ulikuwepo, wa bluu, umelalia sahihi. Akaridhika, ndipo akaanza kusoma. Nilimwuliza tarehe iko wapi. Tukaitafuta wote wawili, hatukuiona; aliyepiga picha aliikata. Huenda kazi hiyo ilishapata mwenyewe mwaka juzi.

Nikaandika daftarini: Kasese wanaamini karatasi, hata ikiwa kivuli cha karatasi. Haishangazi, mji una ofisi za wilaya, na barua yenye muhuri ndiyo inayofungua milango. Lakini tangazo lililobandikwa ukutani lilikuwa na ukuta wake. Ukilisoma ulijua ni ofisi gani imelibandika, na kama jirani yake lipo jipya zaidi. Kwenye simu ukuta haupo. Badala yake tangazo la Kiingereza linakuja na mkia wa maoni ya Lhukonzo, lugha ya hapa, Luganda na vicheko, na wengi wanausoma mkia kwanza.

Njiani

Teksi inashuka kusini, inakatiza hifadhi ya Queen Elizabeth, na pale Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta, inakunja kulia kuelekea Kongo. Tukafika Kisinga, ilipo hospitali ya Kagando. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliyevuka kutoka Kongo na jamaa zake alifikishwa hapa, na tarehe 11 Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni Ebola. Alikuwa mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa upande wa Uganda katika mlipuko ule wa Kongo. Alihamishiwa Bwera, na huko akafariki.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo mtoto mwingine kutoka Kongo alibainika kwenye kivuko cha Mpondwe. Basi fikiria mtu aliyeletewa habari mwezi ule, haina tarehe: mtoto, Kongo, Ebola, mpakani. Ni ya Juni au ya juzi? Kila neno ni kweli, na bado msomaji hajui afanye nini. Abiria aliyekaa kando yangu alikumbuka hivyohivyo: sauti na picha zilirudi na kurudi, kila safari zikitisha upya.

Bwera

Huku mambo yanageuka. Wanaamini sauti. Mama anayeuza mafuta ya mawese, mikono inateleza, anabonyeza alama ya kinasa sauti kwa kifundo cha kidole, anasema mawili matatu, anaachia. Jibu linarudi kutoka Kasindi, ng'ambo, na yeye analisikiliza mara mbili. Ya kwanza, alinieleza, ni kusikia bei. Ya pili ni kusikia kama mtu anasema kweli.

Nyuma ya desturi hiyo kuna historia. Mto Lubiriha uliikata nchi, lugha haukuikata: Lhukonzo cha huku na Kinande cha kule vinasikilizana. Ila shule za huku zilifundisha kusoma kwa Kiingereza, za kule kwa Kifaransa. Ndugu wawili wanaoongea usiku kucha bila mkalimani hawawezi kusomeana barua za ofisi. Karatasi iliwatenga, sauti ya simu inawakutanisha, na ikibidi kuandika wanaazima Kiswahili.

Mama huyohuyo, asiyejua Kiingereza, aliletewa ujumbe wa pesa za simu. Aliupitisha jicho mara moja, akataja kiasi, makato na salio, bila kukosea. Anajua kila tarakimu inakaa wapi. Huko nako ni kusoma. Siku mpangilio ukibadilishwa, au tapeli akiuiga, ndipo atakuwa hatarini.

Mpondwe

Siku ya soko kivukoni hapatoshi: maharage, samaki wakavu, vitenge, magunia yasiyo na idadi. Mfanyabiashara mmoja alinionyesha ujumbe wa mwenzake: “Mzigo iko tayari. Tuonane saa 2.” Ni maneno machache, na mtego umo ndani yake. Uganda iko mbele ya mashariki ya Kongo kwa saa moja, na simu ikinasa mnara wa ng'ambo hujirudisha nyuma yenyewe bila kukuaga. Anayehesabu Kiswahili anaelewa asubuhi. Aliyezoea tarakimu za shuleni anaelewa mchana. Ana kwa ana pangeulizwa hapohapo: za kwenu au za kwetu? Mfanyabiashara yule hakubahatisha. Alibonyeza kinasa, akauliza.

Hukumu yangu

Baada ya kulinganisha, Bwera nawapa alama nyingi zaidi. Muhuri wa picha hauulizwi swali, sauti inajibu. Hata hivyo sauti nayo husambazwa, na ikishapita makundi kumi haina tena wa kumwuliza. WhatsApp yenyewe ilipunguza usambazaji mwaka 2019, ujumbe mmoja usipelekwe kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mkupuo, lakini kikomo hicho hakirudishi tarehe iliyokatwa.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujatuma chochote, andika tarehe, mahali, na saa za nchi gani. Na ukipokea kisichokuwa na hayo matatu, usikisambaze: mwulize aliyekuletea.