Nyuzi Nane na Rimu Moja

Rimu moja ya fulskapu ina karatasi 500. Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua urefu wa jarida letu, wala si wingi wa mambo tuliyotaka kuyasema. Tulikuwa wanafunzi saba wa kidato cha tatu, muhula wa pili wa mwaka 1996, katika shule iliyo mwendo wa miguu kutoka soko la Nyaramba, na rimu hiyo mwalimu wetu wa Muziki aliinunua kwa pesa zake mwenyewe. Tukagawa: nakala 80, kila nakala karatasi sita zilizochapwa mbele na nyuma, yaani kurasa 12. Hizo ni karatasi 480. Ishirini zilizosalia zingekuwa za kuharibika. Kadi za manila za jalada tungejitafutia.

Wazo lilikuwa la mwalimu, na lilitoka kwenye uchungu. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu mwaka 1927, na sisi tulilijua kama mtu anavyojua msimu wa mahindi: ikifika Juni, shule zote za Nyamira zinaimba. Kila mwaka mwanafunzi mmoja alitumwa kwa nyanya yake akalete wimbo wa Ekegusii, wimbo wa arusi au wa kusaga wimbi. Kwaya inaukariri kwa wiki tano, inapanda nao jukwaani, jaji anaandika alama, basi linarudi. Mwaka unaofuata unatafutwa wimbo mwingine. Mwalimu alisema, "Nyimbo hizi tunazitoa kwa nyanya, tunazipeleka kwa jaji, halafu zinaishia hapo. Hakuna aliyeziandika." Aliyasema taratibu huku akipanguza ubao, na nadhani kila mmoja wetu alijiona mwizi kidogo.

Tulikutana kwenye stoo ya vifaa vya michezo, tukikalia mikeka ya sarakasi, karabai ikivuma, kwa maana stima ilikuwa haijafika shuleni kwetu. Mpango wa kwanza ulikuwa mkubwa mno. Kila mtu alitaka ukurasa wake. Mmoja alitaka kuandika habari za Bob Marley, mwingine kwaya za Sabato, mwingine Christopher Monyoncho, aliyeimba benga kwa Ekegusii na ambaye sauti yake ilitoka kila duka lenye kaseti pale sokoni. Hapo pakazuka mzozo, kwa sababu nusu yetu tulilelewa katika nyumba za Waadventista, na baba zetu wasingependa kuona kitabu cha shule kinasifu muziki wa baa. Mwalimu hakutuamulia. Alituuliza tu kama jarida lilikuwa la muziki wa Gusii au la muziki wa watu wazuri wa Gusii. Tukampa Monyoncho ukurasa mzima, tukaupa uimbaji wa kanisani kurasa mbili.

Nilipewa Wimbo wa Taifa. Nilidhani nimepewa kazi ya mtoto, maana tuliuimba kila Jumatatu na Ijumaa mbele ya bendera, na nini tena cha kuuliza? Mwalimu akaniazima kitabu chake cha George Senoga-Zake, "Folk Music of Kenya", akaniambia nianze na mwandishi mwenyewe. Ndipo nikajua kwamba Senoga-Zake alikuwa mmoja wa watu watano waliotengeneza wimbo ule mwaka 1963, pamoja na Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, na kwamba tuni yake waliitoa kwa Wapokomo, kwenye wimbo ambao mama wa kule Mto Tana alimbembelezea mtoto alale. Aliyewaimbia ni mzee Meza Morowa Galana. Jumatatu iliyofuata nilisimama mstarini nikashindwa kuimba kwa sauti. Nilikuwa nasikiliza. Wanafunzi mia nne wamekakamaa kama askari, na chini ya ukakamavu ule kuna mama anayetikisa mtoto. Makala yangu ilikuwa na makosa ya tahajia, lakini hilo moja nililiandika vizuri, na bado sioni kama kuna njia bora ya kumwambia Mkenya kwamba wimbo wa kijiji si kitu kidogo.

Ukurasa wa santuri ulitoka kwa mwenye duka mmoja pale sokoni, aliyekuwa na sanduku la santuri ndogo chini ya meza ya kuuzia sukari. Nyingi zilikuwa na jina la Chandarana, duka la mjini Kericho lililorekodi wanamuziki wa Magharibi ya Kenya, Waluo na Wakipsigis na majirani zao. Sisi tulidhani muziki hutengenezwa Nairobi. Kumbe ulitengenezwa palepale ng'ambo ya mashamba ya chai, mahali ambapo matatu ingetufikisha na kuturudisha kabla ya jua kuzama.

Lakini shida ya jarida la muziki ni muziki wenyewe. Maneno ya wimbo mtu yeyote ataandika. Sauti je?

Tulianza na noti za mistari mitano, kwa kuwa ndizo zilizotahiniwa na zilionekana za kisomi. Shule ilikuwa na taipureta mbili na mashine ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono. Anayechapa huondoa utepe wa wino, herufi za chuma zinapiga karatasi ya stensili yenye nta, nta inakatika, na pale palipokatika ndipo wino utapenya. Cha kuchora huchorwa kwa kalamu ya chuma. Rafiki yangu, aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko sisi sote, aliweka rula akachora mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne stensili ikachanika kuanzia ukingoni hadi katikati, kama jani la mgomba kwenye upepo. Tulikuwa na stensili 14 kwa kurasa 12. Zikabaki 13, na hatukuchora tena mistari.

Jibu lilikuwa kwenye viti vya kanisa. Wazee na akina mama wa kwaya, wengine walioishia darasa la nne, walikuwa wakisoma do-re-mi kwa kasi ambayo sisi wa kidato cha tatu hatukuifikia. Mfumo huo wa herufi aliueneza John Curwen, mchungaji wa Kiingereza wa karne ya 19, akiendeleza kazi ya mwalimu aliyeitwa Sarah Glover, na wamisionari wakaubeba mpaka huku. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliutumia kuandika wimbo wake mwaka 1897, ule ambao tuni yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Na uzuri wake kwetu ulikuwa huu: d, r, m, f, s, l, t zote zipo kwenye taipureta. Nukta zipo. Mkato upo. Mstari wa kusimama tu ndio haukuwapo, tukautia kwa kalamu ya chuma. Wimbo wa sauti nne ukaingia kwenye nusu ukurasa. Sijasahau furaha ya kuona wimbo wa nyanya wa mtu, ambao haukuwahi kugusa karatasi, umesimama pale kwa herufi ambazo kwaya yoyote ya Gusii ingeweza kuzisoma Sabato ile ile.

Furaha hiyo ilikuwa na gharama. Taipureta ikipigwa kwa nguvu, herufi yenye duara hukata duara lote, kipande cha katikati kinadondoka, na kwenye karatasi panatokea doa jeusi. Herufi d ina duara, na wimbo wowote unarudi kwenye d. Karani wa shule alitufundisha kupiga d kwa kidole laini, kama mtu anayebonyeza parachichi kujua limeiva, na kuziba madoa kwa rangi ya kusahihisha yenye harufu kali. Tulichapa ukurasa mmoja kwa jioni tatu.

Kisha ikaja obokano.

Kwa asiyeijua: ni kinubi kikubwa cha Abagusii, bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili ya mti inayoshikilia kijiti cha juu, na nyuzi nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda. Sauti yake haianzii masikioni, inaanzia kifuani, nzito, yenye mngurumo unaobaki hewani baada ya uzi kuachwa. Mpigaji tuliyemfuata alikuwa babu wa mwenzetu mmoja, mzee aliyeishi mteremko wa chini ya soko. Tulimwita sokoro sote, kama mjukuu wake alivyomwita, naye alituita abamura, vijana. Tulikwenda Jumapili tatu.

Tulikwenda na do-re-mi yetu, na do-re-mi ikashindwa. Mwalimu alituazima filimbi ya kutolea sauti. Tukapuliza d, mzee akalegeza uzi mpaka ukakubaliana. Uzi uliofuata ukakaa karibu na r lakini si r. Mwingine ukakaa kati ya m na f, na tulipomwomba auvute kidogo ufike f, alituangalia kwa upole, akauvuta, akapiga wimbo, akatikisa kichwa, akaurudisha. "Huo si wangu," alisema. Rafiki yangu akapendekeza tuandike m yenye mshale wa kupanda. Tukajaribu. Ukurasa ukajaa mishale na hakuna aliyeweza kuusoma, hata sisi tulioandika.

Usiku nikiwa kitandani bwenini nikafikiri: kwa nini tunauliza ni sauti gani? Tuulize ni uzi gani. Jumapili ya tatu tukamwomba apige polepole na ataje kila uzi kwa nambari, wa kwanza hadi wa nane. Alizijua nambari vizuri. Kilo za chai alizihesabu mwenyewe kila siku ya kupima. Akataja, tukaandika. Tukachora obokano kwa kalamu ya chuma kwenye stensili yetu ya 13, kila uzi na nambari yake, na chini tukapanga nambari za wimbo. Mtu mwenye obokano angeweza kuufuata. Tulijiona tumevumbua kitu.

Uchapaji ulichukua usiku mmoja na nusu ya siku. Mwezi wa Julai huko kwetu ni baridi na unyevu, karatasi zinalegea na kushikana, mbili zinapita pamoja, wino haukauki. Ukigeuza karatasi mapema, upande wa kwanza unapaka roli. Tulizitandaza darasani juu ya madawati, madirishani, sakafuni, tukitembea kwa ncha za vidole. Karatasi 20 za kuharibika ziliisha kabla ya ukurasa wa tano. Mwishowe zikatoka nakala 76. Jina la jarida tulikuwa bado tunalibishania, na jalada halikungoja: likatoka na mchoro wa obokano peke yake, mwaka, na jina la wilaya. Watu wakaliita "kile cha obokano," na likabaki hivyo. Bei shilingi 10. Siku ya wazazi tukauza 51.

Siku ya nne mjukuu akaja bwenini akiwa amenyamaza. Sokoro anatuita.

Tulimkuta nje, jarida liko magotini, limefunguliwa kwenye ukurasa wa mwisho, obokano kando yake. Hakusoma maneno, alisoma mchoro. Aliweka kidole kwenye uzi tulioandika 1, akasema, "Huu ni wa nane." Akaenda mpaka wa mwisho. "Na huu ni wa kwanza." Hatukuelewa. Akamwita mjukuu wake akae kwenye kigoda nyuma ya chombo, akamwonyesha uzi wa kwanza. Kisha akatutazama sisi tuliosimama mbele, akangoja.

Tulikuwa tumekaa mbele yake Jumapili zote tatu. Tulichora tulichokiona, kutoka kushoto kwetu kwenda kulia kwetu. Yeye alitaja nambari kutoka upande wake. Mtu angefuata ukurasa wetu, badala ya kila uzi mnene angepiga mwembamba, na wimbo wa mzee ungetoka umepinduliwa kichwa chini, jina lake likiwa juu yake. Alisema bila ukali, kwa Ekegusii, jambo ambalo naweza kulieleza hivi: mmeandika kama watu wanaotazama, andikeni kama anayepiga.

Tulipita nyumba kwa nyumba kuzikusanya nakala tulizouza. Kuna mama aliyekataa kutoa nakala yake mpaka tukamwachia saa ya mkononi kama rehani. Kuna nakala mbili zilizokwenda Nairobi na mgeni na hazikurudi, na mpaka leo zinanikera. Jumapili tulirudi mteremkoni na nakala 74 kwenye gunia safi la sukari, tukakaa kwenye majani, safari hii nyuma ya mzee, begani kwake, nyuzi zikielekea upande ule ule anaouona yeye. Kila mmoja na rundo lake na kalamu ya wino wa buluu. Mzee hakutaka tubadilishe nambari zote kwa mpigo. Alipiga uzi mmoja, akataja nambari yake, akangoja mpaka kalamu zote zitulie, kisha akapiga mwingine.